Ganda la Nyanya Chini ya Sindano

Saa tano asubuhi, siku ya kutetea tasnifu yake ya uzamivu, Dada Mkubwa, kama alivyoitwa na maabara nzima, aliwasha kwa mara ya mwisho mashine ya kupitishia umeme kigae chake cha utafiti, ili aringe kidogo. Kwenye skrini kikachoreka kitanzi kinene, cha kupigiwa picha.

"Umekiona?" alimuuliza Kiherehere, jirani yake wa meza. "Hicho ndicho udaktari wangu."

Kiherehere hakucheka. Kwa mtu aliyewahi kucheka msibani, hilo lilikuwa jambo zito.

"Dada, usinipige. Kigae chako nilikitoa. Hapo chini ya sindano ya mashine kuna ganda la nyanya ya mkate wangu. Nilidhani mashine itachora takataka, ushtuke, tucheke."

Dada Mkubwa akainama kutazama. Kweli, palikuwa pekundu.

Miaka minne alikuwa akipima jinsi vijieneo vya ndani ya kigae vinavyogeuka. Vijieneo hivyo, kwa wasiobahatika kuvifahamu, hukaa kama wanafunzi mstarini: umeme ukiamuru nyuma geuka, vinageuka, na vinabaki hivyo hata umeme ukizimwa. Kitanzi kilikuwa ushahidi kwamba vimetii. Sasa na nyanya, isiyo na kijieneo hata kimoja, imetii.

"Kirudishe kigae," alisema. "Tuamuru mara mbili, upande uleule."

Kiherehere akakirudisha. Amri ya kwanza hugeuza. Ya pili haikuti cha kugeuza, kwa hiyo umeme unaopita unapaswa kuwa kiduchu. Ukiwa mwingi vilevile, basi hakuna kilichogeuka; umeme unavuja tu, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kwenye skrini mlima wa kwanza wa umeme ukachoreka. Wa pili ukafuata, kimo kilekile.

Kiherehere akaizima mashine.

"Kwa nini hukupima hivi tangu zamani?"

"Kitanzi kilikuwa kizuri mno."

"Sikiliza. Mama yako yuko nje na shangazi zako wanne, tangu saa tatu. Watahini hawajui kitu. Mimi nimefunga mdomo."

"Nyanya inajua," alisema Dada Mkubwa, na hakuwa anatania.

Saa nane aliingia ukumbini na picha ya milima miwili, na ganda juu ya kisosi. Kabla hata ya kusalimia, alikiweka kisosi mbele ya watahini watatu.

Kule nyuma, mama yake, asiyejua kisosi kimebeba nini, akatangulia kupiga makofi.