Mtumaji Humjui

Namba thelathini na moja ilipoitwa, Nagwan alikuwa amesimama kwenye foleni ya forodha ya posta tangu saa mbili asubuhi. Kiwandani, alikoshona kola za mashati, aliomba ruhusa ya nusu siku. Msimamizi akamkata ujira wa siku nzima. Nauli ya tramu nayo ilikuwa imepanda tena wiki hiyo, Iskandaria nzima ikilalamika.

Kifurushi kilikuwa mezani, kimepasuliwa. Juu ya karatasi ya kaki palikuwa na mwandiko wa Ihsan, umeinamia kushoto kama kawaida yake. Ihsan alikuwa amehamia Marseille, Ufaransa, kwa kaka yake kutafuta kazi. Kifurushi alikiposti mwezi wa pili. Mwezi wa nne akafa, kaka yake akamzika hukohuko bila kumwambia Nagwan; habari alizipata kwa jirani. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi.

"Vitabu vya nini hivi, bibie?" aliuliza Ustadhi Shawki, mkaguzi.

"Riwaya tu. Za mapenzi."

"Kwa umri huu?" Akafungua kimoja katikati, akamsukumia. "Mimi Kifaransa kilinishinda shuleni. Nitafsirie."

Hadithi za namna hiyo ndizo walizosomeana na Ihsan miaka kumi na moja, za siku hizi na za kale, wanawake wanaopendana na mwishoni hawafi. Ihsan hakuwa na mchezo na hilo; kitabu kipya alikianza kwa ukurasa wa mwisho. Hiki kilikuwa cha enzi za masultani, kuhusu mshona mahema aitwaye Zahra na mjane wa muuza viungo. Pembeni palikuwa na maandishi ya penseli: Hapa soma polepole.

Nagwan akasoma polepole. Kila alipofika kwenye Zahra, alisema Zahir. Mshonaji akaota ndevu, akavaa kilemba, akambusu mjane kiganjani. Shingoni Nagwan alihisi pumzi, kana kwamba mtu ameinama nyuma yake kufuatisha mistari. Hakugeuka.

"Mapenzi ya kawaida," Shawki alisema, kama aliyepunjwa. "Lakini kitabu cha nje bila kibali hakitoki. Saini hapa kwamba mtumaji humjui, viende kusagwa, yaishe. Au useme unamjua, tufungue faili."

Kwenye nafasi ya Uhusiano, Nagwan aliandika: Hakuna. Akasaini.

Nagwan alikuwa ngazini akishuka, Wagida, karani wa dirishani, akamfikia akihema.

"Mbona Zahra ulimgeuza mwanamume?"

Nagwan akashika ukuta.

"Usiogope, mwaya. Vimekaa kabatini kwangu miezi minane, na mimi nilisomeshwa na masista wa Kifaransa." Wagida akatazama juu, akashusha sauti. "Mwishoni wanabaki pamoja. Wanafungua duka. Nilidhani ungependa kujua."

"Ukurasa wa mwisho kuna penseli?"

"Ipo. 'Nagwan, umeona? Nakuja mwezi wa tano. Tafuta chumba chenye jua.'"

Nagwan alikaa kwenye ngazi kwa muda. Watu wakampita. Kisha akapanda tena.

Shawki alikuwa anakula mkate wa maharage.

"Ile fomu nilikosea," Nagwan alisema.

"Imeshagongwa muhuri. Nenda nyumbani."

"Mtumaji namjua. Andika namjua."

"Vitabu vitasagwa vilevile, bibie. Na faili likishafunguliwa, mimi sina uwezo wa kulifunga."

"Nimeelewa."

Shawki akafuta mikono kwa gazeti, akavuta fomu nyingine. "Haya. Uhusiano?"

Dirishani Wagida aliacha kugonga mihuri.

"Tuliishi chumba kimoja miaka kumi na moja," Nagwan alisema. "Yule mshonaji kwenye kitabu ni mwanamke. Anaitwa Zahra. Nilikudanganya."

Shawki akaweka kalamu chini. Alinyoosha mkono akachukua kitambulisho cha Nagwan kilichokuwa mezani, akakitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

"Kaa pale ukutani," alisema bila kumtazama, akanyanyua simu.