Benchi Linalotazama Ukuta

Kijiji cha Ellerwick kina kanisa moja, baa moja, mto mwembamba ambao mtoto anaweza kuuruka, na baraza la kijiji linalokutana asubuhi ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Sijawahi kufika huko Uingereza kilipo. Haya nimeyajua kwa kuhudhuria vikao vya baraza hilo kwa kompyuta, nikiwa sebuleni kwangu Bawshar, mjini Maskati, kwa sababu walitaka kuandika jambo lisilo kweli juu ya kaka yangu.

Kaka yangu Maan alikuwa daktari wa mifugo Ellerwick tangu alipomaliza masomo mpaka moyo wake uliposimama, akiwa zizini kwa watu, mwanzoni mwa mwaka huu. Tulimleta Maskati, tukamzika Amerat. Kaburi lake lina mawe mawili na halina jina, kama ilivyo kawaida yetu, na kwetu hilo latosha. Wao, kwa kuwa hawakubakiwa na kaburi, waliamua kumwekea benchi. Ndiyo desturi yao. Mtu akifa hununuliwa benchi la mbao, likawekwa mahali alipopapenda, na kwenye egemeo hupigiliwa kibao kidogo cha shaba chenye jina lake. Wapita njia huliegemea jina hilo, wakala mkate wao, wakaenda zao. Sikuwa na neno juu ya benchi. Neno langu lilikuwa juu ya mstari wa pili wa kibao: "Aliyependa mandhari haya."

Hakuyapenda. Kila Ijumaa, sala imekwisha na wali umeshapakuliwa, simu yangu ililia. Maan alianza na baridi, akaja kwenye matope, akamaliza na maneno yaleyale: mwakani nnarudi. Alinunua kiwanja mtaa wa pili kutoka kwangu, akakizungushia ukuta. Anayependa mabonde ya Uingereza hanunui kiwanja Bawshar. Nilifanya kazi maabara ya maji mpaka nikastaafu, na sikuwahi kutia saini matokeo ambayo sikuyapima. Nikamwandikia mwenyekiti wa baraza, Bi Hilary Dunstan, mwalimu mkuu mstaafu, kwamba mstari ule si kweli na uondolewe. Alijibu kwamba hoja yangu inavutia sana na itaingizwa kwenye ajenda.

Maan aliwahi kuniambia kwamba Mwingereza akisema jambo linavutia sana, amekwisha kulikataa. Nilipaswa kukumbuka.

Katika kikao cha kwanza tulikuwa wa mwisho kwenye ajenda. Mbele yetu palikuwa na ua wa miti uliolalia barabara, na mavi ya mbwa kwenye njia ya kanisani. Juu ya mavi ya mbwa walikubaliana upesi kwamba liwekwe pipa. Waliloshindwa kukubaliana ni pipa lenyewe likae wapi, maana kila mmoja alilitaka, ila si karibu na nyumba yake. Walizungumza kwa upole mkubwa, wakishukuriana kila walipopingana. Walipotufikia sisi, mlangoni walikuwa wamejaa watoto wenye viatu vya kuchezea dansi, na zamu ya ukumbi ilikuwa yao. Bi Hilary aliniomba radhi, na baada ya radhi akazima kompyuta.

Kikao cha pili hakikufanyika. Wajumbe walikwenda kwenye maonyesho ya kondoo na akidi haikutimia. Mimi na binti yangu Rawan tulikaa mbele ya kioo kitupu huku kiyoyozi kikivuma.

Rawan ndiye anayenifungulia mitambo hii. Aliniuliza kama huu ndio utawala tuliokuwa tukisifiwa shuleni.

"Mama, kibao chenyewe hakizidi kiganja changu. Nani atakisoma?"

"Mimi nimekisoma," nilimwambia.

"Na mjomba hayupo kukisoma."

"Ndiyo maana nnakisoma mimi."

Akacheka, akasema kwamba baraza la Ellerwick halijui limekutana na nani.

Katika kikao cha tatu tuliwekwa juu ya ajenda, na nikadhani tumepiga hatua. Bi Hilary alifungua kwa kusema kwamba kwa bahati kibao kimeshachongwa. Mchongaji wa mjini huchukua likizo Agosti nzima, kwa hiyo walionelea wasingoje. Kilichobaki ni kuthibitisha tu. Rawan aliniwekea mkono gotini. Sikupandisha sauti. Niliuliza kitu kimoja: wana ushahidi gani kwamba kaka yangu aliyapenda mandhari yale?

Bi Hilary alifurahi kuulizwa. Alieleza kwamba nyuma ya kanisa kuna kilima, na juu yake ukuta wa mawe wenye lango. Kila Ijumaa asubuhi Daktari Maan alipanda mpaka pale, akakaa juu ya jiwe kwa muda mrefu. Alipanda kwenye mvua, alipanda kwenye theluji. Kijiji kizima kilimwona, mwaka baada ya mwaka. Kutoka pale bonde lote huonekana, na watu huja kutoka mbali kulipiga picha. Mtu hapandi kilima kile katikati ya baridi kama hakipendi, alisema, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Ijumaa asubuhi kwao ni Ijumaa mchana kwetu.

"Bi Hilary," nilisema, "nyumbani kwake simu ya mkononi ilikuwa ikishika?"

Mtu mmoja kule ukumbini alicheka, kisha akajizuia. Ellerwick iko shimoni, alieleza Bi Hilary, na nyumba ya daktari ilikuwa chini kabisa, kando ya mto. Huko simu haishiki. Anayetaka kupiga hupanda kilimani. Hilo kila mtu pale alilijua. Walijua kwamba mtandao uko kilimani na walijua kwamba Maan alipanda kilimani, na katika miaka yote ile hakuna aliyeziweka habari hizo mbili pamoja.

"Alikuwa na simu ya mezani," alisema mjumbe mmoja, kama anayejitetea.

Hapo mkulima mzee aliyekaa nyuma, Wilf Garside, ambaye shamba lake ndilo linalopakana na ule ukuta, akaja mbele ya kamera mpaka pua yake ikajaa kioo. Alisema simu ya mezani daktari hakuigusa kwa mambo yake. Aliiacha wazi kwa ajili yao, isije ng'ombe wa mtu akakwama kuzaa na laini imeshikwa.

"Alikaaje pale juu?" nilimuuliza.

"Mgongo bondeni. Upepo wa bondeni huingia kwenye simu, usisikie kitu. Kwa hiyo aligeuka, akajikunyata, uso ukutani. Kondoo hufanya vilevile." Akafikiri. "Na alikuwa akipiga makelele kwa lugha yenu. Mke wangu alidhani anagombana na mtu."

"Alikuwa akigombana kweli," Rawan alisema. "Na huyu hapa."

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Kila Ijumaa nilikuwa nikimwambia: Maan, hapo ulipo pana upepo, sikusikii, ingia ndani. Na yeye kila Ijumaa alijibu kwamba anaingia sasa hivi.

Niliwaambia basi wameona wenyewe. Alipanda pale kwa ajili ya kwao, na kila mara alisema anarudi. Bwana Garside alinitazama kwa huruma niliyoiona mara moja, ingawa picha yenyewe ilikuwa ikikatikakatika.

"Nasi alituambia hivyo hivyo," alisema. "Kila mwaka, mwakani anakwenda. Safari moja tukamwamini. Tukamwandalia karamu ya kuagana, humu humu ukumbini, tukampa saa. Akala, akatushukuru, akalia kidogo. Jumatatu alikuwa zizini kwangu, saa mkononi."

Nilijua saa ile. Aliniambia ni zawadi ya kikazi.

Kwenye kiwanja chake cha Bawshar hakuna hata msingi. Ukuta upo, na ndani majirani huegesha magari yao. Napita hapo kila siku. Ushahidi huo nilikuwa nao miaka yote na sikuwahi kuuweka mezani.

Bi Hilary alikohoa. Alisema amesikitika mno, lakini kuchonga kibao kipya kunahitaji azimio jipya, Agosti baraza halikai, na benchi linafika wiki ijayo. Je, familia itaridhia mstari ubaki? Alivyouliza, jibu lilikuwa limeshaandikwa.

"Mstari ubaki," nilisema. "Benchi ligeuzwe."

"Ligeuzwe vipi?"

"Liwekwe kama alivyokaa."

"Lakini litatazama ukuta."

"Ndiko alikotazama."

Likazuka jambo la mkata majani, kama mashine yake itapita nyuma ya benchi. Likazuka jambo la wageni, watadhani nini. Bwana Garside alisema mashine itapita, na wageni wanayo mabenchi mengine ya kutosha. Wakapiga kura. Wote walinyoosha mikono isipokuwa Bi Hilary.

Picha ililetwa wiki iliyofuata. Benchi ni la mbao nzuri, limeupa mgongo uzuri wote wa bonde, na linatazama mawe yenye ukungu kwa umbali wa hatua chache. Chini yake amelala kondoo. Rawan aliitazama sana.

"Sasa watu watasoma 'aliyependa mandhari haya,' na mandhari yenyewe ni ukuta."

"Watasoma."

"Labda ule upande ndio wa Maskati, mama. Ukichora mstari."

Nilikuwa nimeshapima kwenye ramani. Benchi linatazama kaskazini-magharibi. Ukichora mstari hauji kwetu, unaingia baharini. Nilimwambia, akasema mimi sina dawa, akaenda kupakua chakula. Ilikuwa Ijumaa. Siku hizi Ijumaa tunakula wali ukiwa moto.

Jana Bi Hilary aliandika. Wageni wamelalamika kwamba benchi limewekwa kinyume, na mjumbe mmoja amependekeza ligeuzwe lielekee bondeni, kama hoja ya kikao cha Septemba. Anataka maoni ya familia.

Nimemjibu kwamba hoja hiyo inavutia sana, na kwamba kikaoni nitakuwepo.