Jina Lililoshuka Bondeni

Rihab hakuwa mtu wa kubahatisha. Akikwambia kigae hiki ni cha enzi za wafalme wa Israeli, usijisumbue kuuliza mara ya pili, maana amevishika vigae vya vyungu tangu usichana wake, anavijua kama mpishi anavyojua chumvi. Ndiyo maana kijiji cha Kadmat kilimwita yeye, binti yao, aje athibitishe jambo ambalo pale hakuna aliyelitilia shaka: kwamba Kadmat ndio Kedemothi, mji uliotajwa katika kitabu cha Yoshua.

Ami yake, Nayef, aliyemlea baada ya baba yake kufariki, hakungoja majibu. Alichonga kibao, akakiandika KEDEMOTHI kwa rangi nyekundu, akawatangazia watu mpaka mji wa Madaba. Neno likishatoka mdomoni halirudi, na la Nayef lilikuwa limefika mbali.

Rihab akachimba penye kanisa la kale, kijiji kilipokuwa kabla ya kusogea barabarani. Akakuta vigae vya Warumi, chini yake vya Waajemi, chini yake mwamba mtupu. Vya wafalme hakuna hata kimoja. Akavuka bonde hadi kilima cha jirani yao, Abu Sakhr, kipara kisicho na jina ambacho watu hukiita Mahame tu. Huko vigae vya wafalme vilitapakaa kama kokoto, navyo vikakoma kabla ya Waajemi.

Jioni Abu Sakhr alikuja barazani kwa Nayef, akakaa bila kukaribishwa.

"Jirani, nimefuata kibao changu."

"Chako? Wewe jina lenyewe huna. Kilima chako kinaitwa Mahame tangu enzi za babu yako."

"Jina litakuja. Muulize binti yako vigae viko wapi."

Nayef akamgeukia Rihab, birika la kahawa mkononi. Rihab aliumia kumtazama, lakini hakuwahi kumdanganya mzee huyu, na hakuona sababu ya kuanza leo.

"Ami, mji wa Yoshua uko kwake. Hapa kwetu watu walikuja baadaye."

Nayef akatua birika. Alionekana amezeeka ghafla. Kisha hasira zikamrudishia ujana wake.

"Basi jina la Kadmat tuliliokota njiani? Mwanangu, tulipohama pale kanisani kuja huku barabarani mimi nilibeba kuku, mama kabeba godoro. Jina nalo tuliwaachia mbuzi? Tulikuja nalo. Pale kanisani leo panaitwaje?"

"Mahame," akasema Abu Sakhr.

Rihab akaanza kucheka. Alicheka mpaka wazee wale wawili wakasahau ugomvi wao wakamtazama.

"Na kilima chako, Abu Sakhr, kinaitwaje?"

"Mahame. Si unajua?"

"Najua. Na mahame ni pa waliohama. Waliohama kwako ni nani?"

Abu Sakhr akageuka kukitazama kilima chake.

"Kisima chako cha mwamba kina ufa mkubwa, nimeingia mwenyewe nikauona," Rihab akaendelea. "Maji yalipowaishia walishuka kwenye chemchemi, pale kanisani. Vigae vya kwako vinapokoma, vya kwetu ndipo vinapoanza. Walishuka na vyungu, na jina pia. Mji ni wako. Wenye mji ndio sisi. Nitaandika hivyo, na atakayebisha aje na vigae vyake."

Nayef akamimina kahawa, akampa Abu Sakhr kwanza.

"Chukua kibao," akasema. "Lakini ngoja nikimalizie."

Asubuhi kibao kilisimama juu ya kilima kipara, na chini ya KEDEMOTHI paliongezwa maneno: *Wenyewe wamehamia ng'ambo. Kahawa ipo.* Abu Sakhr alikisoma, akaguna, akakisoma tena. Kijiji kizima kilitarajia atakitia shoka. Yeye akakusanya mawe, akakikaza kisiangushwe na upepo.

Mahujaji wa kwanza walipofika, wakitokea Mlima Nebo, yeye ndiye aliyewavusha bonde. Akawapandisha mpaka barazani kwa Nayef, akahema kidogo, akawaonyesha mzee kwa kidole.

"Nimewapa mji wote bure, hawatosheki," akamwambia Nayef. "Nimewaleta wawaone wenyewe."