Koti la Manjano la Mzee Jailos

Mzee Jailos wa Kiwira alikuwa na shida moja, nayo ilikuwa inaruka angani. Mkwe wake Tusekile, mke wa mwanawe Gwakisa, ni rubani wa helikopta ya jeshi, na Jumamosi iliyokuwa inakuja angeirusha mbele ya umati kwenye maonesho ya ndege za jeshi huko Iringa. Mzee alitamani kwenda kuliko alivyotamani kitu chochote mwaka ule. Na hakuona atakwendaje.

Kilichomzuia ni mila. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakutani njiani. Siku hizi wengi wameshaachana na mambo hayo, wanakula meza moja na picha wanapiga. Nyumba ya Jailos haikuachana nayo, na Tusekile mwenyewe, pamoja na gwanda lake, aliishika mila kuliko wote. Akija likizo, mzee anakohoa kwa nguvu kabla ya kuingia uani, binti anapita nyuma ya migomba. Miaka yote ya ndoa ile, Jailos amemjua kwa buti zilizoachwa mlangoni na kwa mchuzi wake wa maharage. Na kwa buti hizo na mchuzi huo, jamani, alikuwa anampenda mno.

Gwakisa alifika na mpango mzima kichwani. "Gari nimeshakodi, Noah. Ijumaa alfajiri tunatoka, tunalala Iringa kwa rafiki yangu, asubuhi tunaingia uwanjani. Baba, wewe na mama viti vyenu viko kwenye hema la wazazi wa marubani."

"Halafu?"

"Halafu wakishatua, kila rubani anakuja hemani kumpigia mzazi wake saluti. Uso kwa uso."

"Loo! Unataka mtoto wa watu avunjiwe heshima mbele ya majenerali?"

"Baba, ni saluti tu."

"Tu! Kwako wewe kila kitu ni tu. Mimi nitasimama nje ya uzio, kule kwenye mahindi."

"Mzee na miwani yake, kajibanza kwenye mahindi, anachungulia ndege za jeshi," alisema Gwakisa. "Watakukamata, baba. Na mimi nitasema sikufahamu."

Jailos hakucheka. "Basi nendeni ninyi. Mimi nitabaki na ng'ombe."

Esnath, mkewe, alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini. "Baba Gwakisa, kuna jambo sijakwambia. Jana Tusekile alinipigia, akalia. Wenzake wote baba zao wanakuja. Wa kwake alifariki yeye akiwa bado mafunzoni, hata gwandani hakuwahi kumwona."

Mzee akachukua ndoo, akaenda kukamua. Moyo ulimuuma. Siku zote alijua kwamba kutomtazama binti yule ndiyo heshima aliyompa, na aliitoa kwa roho safi. Haikuwahi kumjia akilini kwamba mtoto anaweza kuwa na njaa ya kutazamwa.

Alikuwa bado anakamua wakati Esnath alipotoka na simu sikioni. "Ni mkwe wako. Anauliza, siku hiyo baba atavaa nguo ya rangi gani?"

Jailos alielewa mara moja. Mkwe mwema, anataka kujua wa kumkwepa kwenye umati. Ndivyo mila inavyotaka, na bado ilimchoma. "Mwambie suti nyeusi. Anikwepe salama."

Esnath aliufikisha ujumbe, akasikiliza, akaziba mdomo kwa mkono. "Anasema nyeusi haionekani kutoka juu. Anasema baba akae popote apendapo, hata kwenye mahindi. Saluti yake ataipiga akiwa hewani, akipita. Anachotaka ni kujua ulipo tu."

Machozi yalimtoka mzee, wala hakuyaficha. Akaitua ndoo. Akaenda ukutani, akachukua koti lake la mvua la kukamulia, la plastiki, la manjano ya kuumiza macho, linalonuka maziwa na mavi ya ng'ombe. Akalivaa.

"Na hilo ni la nini?" Gwakisa akauliza. "Iringa mwezi huu hakuna hata wingu!"

"Mvua nani kaitaja? Nenda kilimani kule, juu ya shamba la chai, uniangalie."

Gwakisa, mtu mzima mwenye mke, akapanda huku analalamika. Alipofika juu alikuwa mdogo kama kuku. Akapunga mkono. "Nakuona, baba! Nakuona kabisa!"

Jailos alikuwa amesimama katikati ya ua, vifungo hadi shingoni, mikono imenyooka ubavuni.

"Panda zaidi!" akamjibu. "Mwenzio atakuwa mbali kuliko hapo."