Daktari Alipovua Viatu

Nilimwambia Ijumaa, nikarudia Jumatatu: "Daktari, majibu ya vipimo vya Verna Hnatiuk yamefika, yasome." Akasema sawa, sawa. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa la daktari mwenyewe. Mimi ni nesi wake tu. Kumsomea mgonjwa majibu sina ruhusa. Yeye akili yote ilikuwa kwenye umeya wa mji wetu.

Jumamosi akaniburuta kwenye kampeni ya nyumba kwa nyumba, mimi nimebeba mabango, yeye kabeba tabasamu. Theluji ya kwanza imeshaanguka, basi wimbo wake ukawa barabara na greda za kuondoa theluji, greda na barabara. Tulipofika kwa akina Hnatiuk nikamshika mkono.

"Hapa tusiingie. Nenda kliniki kwanza."

"Dakika mbili tu, Maureen," akasema, akabisha.

Verna akafungua. Akamtazama daktari, kisha akanitazama mimi. Daktari naye, kwa adabu ya kwetu, akainama kufungua kamba za viatu. Ole wetu! Daktari mwenye habari njema huisemea mlangoni. Anayevua viatu amekuja kukaa.

"Orest," Verna akamwita mumewe taratibu, "zima redio, njoo ukae karibu nami."

Wakakaa mezani wameshikana mikono, wazee wa watu. Orest akasema, "Haya, usituzungushe. Ule uvimbe wa titi ni saratani, siyo?"

Daktari akaiva uso mpaka masikioni. "Mimi... nimekuja kuomba kura."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kura?" Orest akasema. "Bwana wee, mke wangu hali, halali, na wewe unatuletea mambo ya kura?"

Daktari akatoka mbio kwenda kliniki, kamba za viatu zinaburuzika kwenye theluji. Mimi nikabaki pale, sina pa kutia macho. Aliporudi alikuwa anahema.

"Si saratani, Verna. Ni uvimbe wa kawaida tu. Huna ugonjwa."

Orest akalia bila kujificha. Verna akamkumbatia daktari. "Mungu akubariki, baba. Umeacha kampeni zako kwa ajili yangu. Kura zetu zote mbili ni zako."

Angeweza kunyamaza, akaondoka nazo. Nilimkazia macho, nikasubiri.

"Usinishukuru," akasema, akitazama sakafu. "Majibu yalikuja Ijumaa ya wiki iliyopita. Sikuyasoma. Nilikuwa kwenye mikutano."

Verna akamwachia, akavuta kiti, akakaa.

"Jumapili mjukuu wangu alibatizwa kule mjini Regina," akasema. "Sikwenda. Niliogopa kumpakata mtoto huku nalia mbele za watu." Akalainisha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Kumbe nilikuwa mzima."

Hakumfokea. Angemfokea, angalau tungepata pa kuficha nyuso zetu.