Kiwiko cha Mkunga

Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha maktaba, mlezi wa wahariri wapya alikuwa akiwafundisha watu wazima kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiandika bila kulipwa hata soda. Walimwita Chanzo-Kiko-Wapi, kwa kuwa hakuna sentensi aliyoiacha ipite bila swali hilo.

Mshonaji wa nguo, mama mwenye futi ya kupimia shingoni, alidonoa herufi kwa kidole kimoja mpaka ukurasa wake ukakamilika. Ulimhusu dada yake mkubwa, mkunga, aliyezalisha nusu ya mtaa kisha akafa. Alipobonyeza "hifadhi", mkunga aliingia, akasalimia, akavuta kiti akakaa karibu yake.

"Umenenepa," mkunga alimwambia.

"Na wewe umekufa," mshonaji akajibu, akamshika mkono.

Mlezi aliwaomba wasikanyage waya wa umeme. Kisha akaeleza kwamba ukurasa usio na chanzo, yaani gazeti au kitabu kilichochapishwa, wasimamizi huufuta baada ya wiki. Mkunga angeondoka nao.

"Chanzo si huyu hapa?" mshonaji alisema. "Muulize mwenyewe."

"Mama, mtu hawi chanzo cha habari zake. Ingekuwa hivyo, wanasiasa wote wangekuwa malaika."

"Mimi ni maiti," alisema mkunga. "Nikidanganya nitapata nini?"

"Kanuni haikuwafikiria maiti, mama mkubwa."

"Na wewe nilikuzalisha mimi. Ulitanguliza miguu. Mama yako alinitukana vizuri sana."

"Najua," mlezi alisema taratibu. "Lakini haikuchapishwa."

Wiki nzima walipekua magazeti ya maktaba, mkunga naye akilamba kidole kila akifunua ukurasa. Hakuna aliyewahi kumwandika. Walipata picha moja tu: ufunguzi wa wodi ya wazazi, mgeni rasmi akikata utepe, na pembeni kabisa, kiwiko.

"Mkono huu wa gauni niliushona mimi," alisema mshonaji.

"Mpiga picha aliniambia nisogee," alisema mkunga. "Nikasogea."

Chini ya picha yaliandikwa majina ya mgeni rasmi, mkewe na dereva wao. Mlezi aliiweka picha kwenye ukurasa na kuongeza jina la mkunga chini yake. Wasimamizi wakaliondoa kwa adabu, kwa kuwa gazeti halikulitaja. Ijumaa ukurasa ulifutwa, na mkunga akafutika nao, akiwa katikati ya kumwonya mdogo wake apunguze chumvi. Kiwiko kilibaki kitini, kwa sababu kilichapishwa.

Mshonaji bado huja kila Jumamosi. Hukiweka kiwiko kwapani, kama watu wanaotembea pamoja, na kuhariri kwa mkono uliobaki. Wageni wakiuliza ni cha nani, huwaambia, nao huomba radhi na kusogeza viti vyao.

Juzi mtu aliongeza jina la mbwa wa mgeni rasmi kwenye ukurasa wa bwana wake. Mshonaji alilisoma, akavua miwani.

"Mbwa?"

Mlezi alikuwa ameinama karibu yao, akichomeka waya. "Gazeti lilimwandika," alisema bila kuinua uso. "Amekubaliwa."

Kiwiko kikamsukuma mshonaji mbavuni, polepole, kama mtu anayejizuia kucheka.