Sanduku la Kufuli Tatu

Mimi Shehe ndiye katibu wa chama chetu cha wakulima, na kabla hamjaisikia habari hii kwa watu wasionipenda, acheni niwaambie mwenyewe. Tuna maghala manane, matano Nachingwea na matatu Ruangwa, na mwaka huu tulikubaliana kuyawekea kamera tisini na sita. Kamera hazikutugombanisha. Kilichotugombanisha ni mahali pa kuhifadhi picha zake.

Fundi wetu Marystella, mama mpole asiyepandisha sauti, alitueleza kikaoni mara mbili. Njia ya kwanza ni kununua boksi la kurekodi, limetoka kiwandani limekamilika: unachomeka nyaya, linaanza kazi. Ila boksi moja linabeba kamera thelathini na mbili tu, ukizidisha unanunua jingine, na likifa, kamera zake zote zimekuwa vipofu. Njia ya pili ni programu, inayowekwa kwenye kompyuta yenye nguvu. Kamera unaongeza kadiri unavyotaka, za Nachingwea na za Ruangwa unaziona pamoja, diski ikichoka unabadilisha. Inataka tu mtu wa kuitunza na neno la siri la kuifungulia. Kwa kamera nyingi namna hii, alisema, yeye angechukua programu.

Niliuliza swali moja tu: hiyo programu inafungwa kwa kufuli gani?

Akasema programu haifungwi kwa kufuli. Basi nikakaa chini, kwangu mjadala ulikuwa umekwisha. Huku kwetu kitu cha watu wengi kinakaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu wasiolala nyumba moja. Vikoba vyetu vyote vya kuweka na kukopa viko hivyo. Mshika ufunguo haazimishi ufunguo wake hata kwa mama yake mzazi; sanduku likitakiwa kufunguliwa, anakuja mwenyewe. Sasa mtu ananiambia picha za mali ya wanachama mia tisa zikae ndani ya kitu kisicho na mlango.

Mwenyekiti wetu, Bi Mwantumu, akaamua tuzijaribu njia zote mbili kwa mwezi mmoja. Picha za ghala la Ruponda, hapa Nachingwea penye ofisi yetu, ziende kwenye boksi, na hizohizo ziende kwenye programu katika kompyuta ya ofisi. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mchomeleaji. Akanitengenezea sanduku safi, bati nene, halina hata upenyo wa sisimizi isipokuwa pa kupitisha waya. Marystella alipoliona akasema mashine inahitaji hewa. Nikamwambia pesa za kikoba tumezifungia miaka kumi na moja na hazijawahi kulalamika. Tukaliingiza boksi humo. Ufunguo mmoja nikashika mimi, wa pili Bi Mwantumu anayekaa Naipingo, na wa tatu Mzee Hassani wa Narung'ombe, ili wenzetu wa Ruangwa wasinung'unike.

Wiki ya tatu, Jumatano, nilifunga ghala mapema nikaenda arusini mjini. Alhamisi asubuhi nikakuta ufuta tuliouanika uani umeliwa na kukanyagwa, nyayo za ng'ombe kila mahali. Kufuli yangu ilikuwa palepale kwenye mnyororo, imefungwa, lakini juu yake geti lilikuwa limefungwa pia kwa kamba ya ngozi. Mwenye kamba za namna ile pale Ruponda ni mmoja, Lubasha, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka miwili iliyopita. Ng'ombe walipitaje kwenye geti lililofungwa? Sikujiuliza. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haina tabia ya kuuliza.

Nikaifungua ile kamba nikaenda nayo kikaoni kama ushahidi. Nikasema mtu huyu ameingiza mifugo kwa makusudi, kijiji kiombwe kimhamishe yeye na ng'ombe wake. Watu walishachoka na mambo ya ng'ombe mashambani, wengi wakaniitikia. Lubasha alisimama na kofia mkononi. Ana watoto wanne wanaosoma hapo kijijini, na nyumba yake ndiyo kwanza ameiezeka bati.

"Katibu, ng'ombe ni wangu, sikatai," akasema. "Ila sikuwaingiza. Geti lilikuwa wazi. Nilikuja ofisini kusema, nikakuta pamefungwa."

Nikamjibu kwamba geti nililifunga mwenyewe na kufuli nikaivuta mara tatu, kama kawaida yangu. Jambo hilo lilikuwa kweli tupu, niko tayari kuapa hata leo. Bi Mwantumu akasema hakuna haja ya kuapa, sanduku lifunguliwe, na uamuzi utatolewa Jumapili.

Ufunguo wangu ulikuwepo na wa Bi Mwantumu ulikuwepo. Mzee Hassani alikuwa Narung'ombe anavuna mbaazi zake. Marystella alishauri ufunguo uletwe na bodaboda, tukamtazama kama mtu aliyetukana. Mzee Hassani alifika mwenyewe Jumapili, ufunguo ameufunga kwenye pindo la shati. Kufuli tatu zikafunguliwa kwa heshima zote, mbele ya umati, na likatoka joto kama tumefunua tanuri la mikate. Boksi lilikuwa limepinda ubavuni. Marystella akalikagua akasema limekufa siku tisa zilizopita. Kisha akachukua daftari lake akajipepea.

Akakumbusha kwamba programu nayo ilikuwa inarekodi. Nikapinga: kitu kilichokaa siku zote bila kufuli, nani anajua kimechezewa na nani?

"Katibu," Bi Mwantumu akasema, "unaogopa nini?"

Wallahi sikuwa naogopa. Nikawa wa kwanza kuvuta kiti.

Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa Jumatano, saa saba na nusu mchana. Nikajiona natoka, nimevaa kanzu ya arusi, simu begani imebanwa na shavu. Geti letu lina milango miwili inayokutana katikati. Nikajiona nauzungusha mnyororo kwenye mlango mmoja peke yake, nafunga kufuli, naivuta mara tatu, nikaondoka zangu nikicheka na simu. Umati ukaanza kuguna. Upepo ukausukuma ule mlango wa pili, ukafunguka taratibu. Ng'ombe mmoja akachungulia, wenzake wakafuata.

Kisha akaja Lubasha mbio. Akawatoa wote peke yake. Akarudi akapiga magoti, akaanza kuukusanya ufuta kwa viganja, punje kwa punje, akaufunika kwa turubai. Mwisho akavua kamba kiunoni mwake akafunga geti langu, kisha akaenda kugonga mlango wa ofisi, akasubiri, akagonga tena. Kamba hiyo ndiyo niliyokuwa nimeipeperusha mbele ya watu kama ushahidi.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikasimama nikamwomba Lubasha msamaha. Bi Mwantumu akamuuliza anataka nini zaidi.

"Kamba yangu," akasema.

Nikamrudishia. Ng'ombe walibaki Ruponda, na programu ikapita bila mtu kupinga. Ila kufuli tatu hatukuziacha: neno la siri tumeligawa vipande vitatu, kila mshika ufunguo na kipande chake, na tukitaka kuangalia picha tunakutana, mmoja anaandika wengine wanageuza nyuso. Marystella alitikisa kichwa akasema hajawahi kuona jambo kama hilo, akaipanga programu kama tulivyotaka.

Mzee Hassani alijichagulia kipande chake, sikijui. Changu nilichaguliwa na mwenyekiti, na ni yeye tu na mimi tunaokijua, pamoja na nyie sasa. Kwa hiyo kila Jumatatu nakaa mbele ya kompyuta na kidole changu kimoja, naandika polepole: nisamehelubasha. Nikiharakisha nakosea herufi, na mashine inanirudisha mwanzo.